Vistari vya Kudra wa Dutumi

Shemeji yangu Kudra, mjane wa kaka yangu, alipima mvua ya Dutumi kwa miaka ishirini na saba. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kwenye kopo la shaba lililofukiwa nusu uani kwake, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akasoma milimita, akaandika daftarini. Siku ya mazishi ya mumewe alichelewa dakika kumi, na hizo dakika akaziandika.

Siku kavu alipiga kistari. Alifundishwa hivyo na mzee Ponsiano, mkaguzi aliyekuja kwa baiskeli kutoka Mlandizi kila mwisho wa mwezi: maji yakiwapo andika namba, yasipokuwapo piga kistari, nitajua ulikwenda. Na kweli alijua, kwa sababu alikuwa anamjua Kudra. Wakaguzi wa namna ile tumewazika, na baiskeli zao zimeuzwa chuma chakavu.

Mwaka juzi mradi mmoja uliyapiga picha madaftari yote ya upimaji mvua, ukaziingiza namba kwenye ghala la kompyuta za mbali wanaloliita wingu. Kisha kijana Evodius, mwenye meza katika ofisi moja Kibaha mjini, akaliunganisha ghala hilo na programu ya kuchora michoro. Aliandika anwani, jina na nywila, na ramani ikajichora yenyewe. Baada ya wiki tatu ikaja barua: kituo cha Dutumi kitafungwa, msomaji wake hapimi.

Kudra akaniletea barua. "Shemeji, wewe ndiye unayejisomea vitabu. Huyu asiyepima ni nani?"

Tukaenda Kibaha.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee," Evodius alisimama.

"Marahaba. Nionyeshe siku nisizopima."

Akatugeuzia kioo. Kisarawe, kule vilimani, nguzo za buluu, kila moja siku iliyopimwa, zilisongamana. Dutumi zilikuwa moja moja, kama meno yangu.

"Kwa mwaka ni siku tisini tu, mama. Nyingine ni pengo."

"Pengo? Hizo nilikwenda nikakuta kavu. Nikapiga kistari."

Kijana akajikuna shingo. "Kavu ilitakiwa iwe sifuri. Kistari, mashine inaona hakuna aliyekwenda."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nimelala?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umechora hivyo."

Nikaingilia: "Si ugeuze vistari vyote viwe sifuri? Ni kazi ya dakika moja, nimesoma."

"Kweli mzee. Lakini mimi nina ruhusa ya kusoma tu. Wa kubadilisha ni watu wa mradi."

"Wako wapi?"

"Mradi uliisha Juni."

Akatuagizia chai. Adabu yake ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Hapakuwa na mtu wa kumgombeza.

Kudra alirudi nyumbani akayatandika madaftari yake mkekani, akaanza kuandika sifuri kwa kalamu nyekundu juu ya kila kistari. Alitaka kuwapelekea. Nilimuuliza atawapelekea akina nani, akafungua ukurasa mwingine. Alikuwa kwenye mwaka wa tisa watu wa ofisi ya Kibaha walipokuja kung'oa kopo.

Ile programu haipendi mahali patupu. Dutumi ilipokosa kipimo, ikajaziwa mvua ya kituo cha karibu kilichobaki, Kisarawe. Machi mwaka huu Herman, bwana shamba wetu, alipita nyumba kwa nyumba na simu: "Ramani ni buluu tupu. Pandeni!"

Kudra alikuwa amechimbia kopo la maziwa ya unga palepale pa zamani. "Kopo langu kavu," akawaambia majirani. "Ngojeni."

Rajabu, ambaye shamba lake linapakana na la Kudra, alicheka. "Bibi, kopo la maziwa lishindane na kompyuta?"

Wakapanda. Mahindi yalifika urefu wa vidole viwili, yakakauka. Kudra hakupanda, mbegu yake ilikuwa bado iko kwenye debe. Rajabu akaja kuiomba, akapewa. Rajabu akalipita kopo bila kuchungulia ndani. Aliipanda Aprili kwa ramani ileile, nayo ikafa.

Jana niliitazama ramani kwenye simu ya Herman. Dutumi bado ni buluu.

Kudra hapimi tena. Madaftari ameyafunga kwa kamba, kalamu nyekundu iko ndani kwenye mwaka wa tisa. Kopo la maziwa anawekea chumvi.