Kidonda Alichokifunga Nunow

Hakuna kidonda kilichowahi kumshinda Nunow, dalali wa ngamia wa soko la Garissa. Ngamia aliyeraruliwa na fisi, mchungaji aliyejikata kwa panga, wote aliwapaka unga wa malmal, ile manemane chungu ya nyikani, na kidonda kikafunga kwa siku chache. Sifa zake hakuwasubiri watu wazitangaze. Alizitangaza mwenyewe, asubuhi na jioni.

Tatizo lilikuwa macho. La kushoto lilipasuliwa mwaka 1993 kwa ajili ya presha ya macho, likazimika. Soko zima lilijua kuwa daktari yule hakujua kazi, maana Nunow ndiye aliyelieleza. Miaka mitatu baadaye presha ikalinyemelea la kulia, jicho pekee lililobaki la kusomea chapa za ngamia. Daktari mwingine, mwanamke mpole, akalipasua na kuacha kitundu kidogo cha kupitishia maji yanayoleta presha. Kisha akamwambia atachomwa sindano pembeni mwa jicho kila siku kwa wiki mbili, dawa ya kuzuia kovu lisizibe kitundu.

"Daktari, mimi nyama yangu nabona haraka sana," Nunow alijigamba, 'p' ikigeuka 'b' kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Hilo ndilo linalonitia hofu, mzee."

Siku tatu alivumilia. Kidonda kisichotakiwa kufunga! Maishani mwake hakuwahi kusikia upuuzi kama huo. Siku ya nne asubuhi hakwenda kliniki. Anab, mkewe, alimkuta nyuma ya nyumba akitwanga kitu.

"Odey, mzee wangu, unatwanga nini?"

"Iliki ya chai," alijibu mzee ambaye hajawahi kupika chai tangu azaliwe.

Anab alinusa malmal, akaketi kando yake. Hakugomba.

"Kule Hadado ulichimba kisima na ndugu zako," alisema. "Kila asubuhi mlishuka kuzoa mchanga. Mbona hamkuuacha ujae, mkasema ardhi imepona?"

Nunow aliutazama unga ndani ya kinu. Kisha akaweka mchi chini, akatafuta bakora yake.

Kliniki, daktari hakumkaripia kwa kuchelewa. Alilitazama jicho la kushoto, akauliza, "Hili nalo, baada ya upasuaji, kidonda chake kilikuwaje?"

Ile hadithi ya daktari asiyejua kazi ilikuwa tayari mdomoni, imekomaa kwa miaka mitatu. Nunow akamgeukia Anab. Anab alikuwa akitazama sakafu, na hapo mzee akatambua kuwa mkewe alijua siku zote.

"Ilibona," alisema polepole. "Ilibona fizuri sana, daktari. Ni mimi nilifunga, na malmal. Siku nne tu."

Hakuna aliyecheka. Nunow akaegemeza kichwa kitini, akalipanua jicho la kulia kwa vidole vyake mwenyewe, akasubiri sindano.