Mama na Ukurasa Mmoja wa Kiingereza

Harufu ya karafuu siipendi mpaka leo, na kwa mtu wa Unguja hilo ni aibu kulitamka. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili aliyotuazima Mzee Karimu, Mhindi mwenye duka la viungo chini ya chumba chetu pale Mji Mkongwe, ilinuka karafuu kila ukurasa, nami niliifungua kila alasiri msimu ule wa vuli, nimekaa juu ya kigoda, mama yangu, Bi Zuhura, yuko chini mkekani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kiburi cha mwalimu tele. Mama alitaka kazi ya kutandika vyumba katika hoteli moja ya Uroa. Baba alikwishafariki, vitumbua alivyouza havikutushibisha, na shangazi yetu wa Tanga, asiye na mtoto, alikwishaleta salamu: mama asipopata kazi mvua zikiisha, atamchukua mdogo wangu Salma, wa miaka mitatu, akamlee yeye. Mama alikubali kwa shingo upande.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Mama hakuwahi kukaa darasani. Alisoma chuo cha Kurani tu, na chuoni hufungui ukurasa wa pili mpaka wa kwanza umekaa kifuani. Mzee Karimu alipomwambia kwamba Wazungu hawawezi kuzungumza bila ya neno “get”, mama akaamua tuanze nalo, tulihifadhi lote. Lahaula! Maana zake zilijaza ukurasa mzima: kupata, kupokea, kufika, kuelewa, kushikwa na maradhi, kuamka, kushuka garini. Nilisoma, naye akafuatisha kwa mahadhi ya chuoni, akiyumba mbele na nyuma, Salma amelala mapajani pake. Nilimwambia tujifunze japo salamu. “Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Nikilishika hili, mengine yatakuja yenyewe.” Badala ya kubisha, nikafurahia kumkaripia kila aliporuka maana ya saba. Wiki ya tatu alikuwa hakosei hata herufi, tukapiga vigelegele wenyewe kwa wenyewe.

Uroa nilikwenda naye. Meneja, kijana mpole kutoka bara, alimkaribisha kiti, nami nikabaki kwenye benchi nje ya mlango ulio wazi. Akamuuliza kwa Kiingereza, polepole, atafikaje kazini kila asubuhi kutoka mjini. Ndani ya swali mlikuwa na neno lile. Mama alilisikia, uso ukamnawiri. Kama mwanafunzi aliyetajiwa sura na mwalimu wake, akafumba macho, akaanza kuyumba, akasoma maana zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Meneja hakucheka, laiti angalicheka. Alingoja amalize, akasema kwa Kiswahili, “Ahsante, mama. Tutakupigia simu.” Mama akatoka anatabasamu. “Umenisikia? Sikukosea hata moja.” Nilijua, wallahi nilijua, na sikumwambia.

Simu haikupigwa. Shangazi alikuja kwa boti, na Salma akaondoka na gauni jipya. Siku hizi nafundisha Kiingereza vijana wanaotafuta kazi za hoteli. Naanza na salamu, na wanaajiriwa. Watu husema nina kipaji. Kipaji gani? Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka jana Salma alikuja kututembelea, mwanamke mzima, akavua viatu mlangoni, akainama kwa adabu.

“Shikamoo, Bi Zuhura.”

Mama alimtazama kidogo. “Marahaba,” akaitikia, kisha akamuuliza kama mama yake kule Tanga hajambo.