Kipande cha Tisa

Bora mnisikie mimi kabla hamjamsikia Rehema, maana yeye huongeza chumvi: mimi, mtu mzima mwenye meza ya mablanketi na mapazia barabara ya Jules, mtaa wa Malvern, huku ugenini tunakotafutia riziki, nimewahi kusimama nje ya mgahawa kama mtoto aliyefukuzwa darasani, na ndani ameketi mzee niliyekwenda kumwomba mke.

Mzee mwenyewe ni Baba Mdogo Athumani, mdogo wake marehemu baba yake Rehema, mwenye kauli ya mwisho kuhusu ndoa yake, na alikuwa ametoka Tanga kuja kunitazama kwa macho yake. Rehema anasuka nywele mtaa wa Bellevue, lakini alichagua twende hadi Randburg, upande wa pili wa jiji, kwenye mgahawa wa kuku wa kukaanga wa Kikorea, kwa kuwa alikwishakula pale na cheti cha halali kimebandikwa mlangoni (nilikisoma mara mbili, pamoja na tarehe). Njiani aliniomba kitu kimoja tu, nisibishane bei, kwa sababu baba yake mdogo anaweza kumsamehe mkwe kila kitu isipokuwa ubahili. Nikakubali. Na kweli, bei sikuigusa.

Nilichogusa ni picha. Wao wakakaa, mimi nikaenda kaunta kuagiza, na juu ya kaunta kuna picha kubwa ya sinia la kuku, chini yake wameandika vipande vinane. Nikahesabu, tisa. Nikarudia kuanzia kulia, tisa. Sasa niambieni, mtu anayeishi kwa kuuza anapitaje hapo? Nikamweleza dada wa kaunta, kwa upole kabisa, kwamba nataka kama walivyopiga picha.

"Eish, baba," akasema, "hiyo ni picha tu."

Nikamwambia basi hicho cha tisa anipe kama nyongeza, mbona kwangu hata anayenunua pazia moja namwongezea kulabu bure. Akaitazama foleni iliyo nyuma yangu, akasema ni vinane.

Hapo ndipo mazoea yaliponiponza. Kule Jules mteja akikwama hubaki na silaha moja: anageuka, anaondoka taratibu, na hajafika mbali muuzaji anamwita arudi achukue kwa bei yake. Mimi mwenyewe nimewaita watu hivyo miaka yote. Basi nikageuka, nikatembea kwa mwendo wa mtu anayekaribia kuitwa, nikafika mlangoni bila kuitwa, nikapunguza mwendo mpaka mama mmoja aliyetaka kutoka akaniomba njia, na ili nisimzuie nikatangulia, nikajikuta nje.

Mlango ni wa kioo, kwa hiyo nilimwona vizuri yule dada akimhudumia mtu mwingine huku akitabasamu. Kurudi mwenyewe siwezi, mteja anayerudi bila kuitwa ameshashindwa. Nikaweka simu sikioni nikaanza kuongea na hewa, tena kwa sauti, mzigo ushushwe, mzigo ufungwe vizuri, mpaka mlinzi wa pale mlangoni, Mkongo wa Lubumbashi, akachoka kunisikiliza.

"Papa," akasema, "iyo simu umeishika kichwa chini. Na huku habaitake muntu." Maana yake, hapa mteja haitwi.

Nilipotazama tena ndani, Baba Mdogo alikuwa amesimama kaunta, pochi mkononi, analipa. Mgeni wangu! Mzee wa watu amevuka nchi kuja kuona kama naweza kumlisha mwanawe, na chakula ananunua yeye. Rehema alikuwa ameufunika uso kwa mtandio.

Nikaingia. Mezani kulikuwa na vipande vinane (ndiyo, nilihesabu), kibakuli cha figili za siki ambacho kila meza walipewa bure bila kuomba, na glavu za nailoni za kulia chakula. Baba Mdogo alishavaa zake, ametulia kama daktari anayengoja mgonjwa. Kwa haya nikachukua kipande chekundu kuliko vyote nikakitia kinywani kizima. Ile sosi, ndugu zangu, huanza na utamu ili uiamini.

"Ulikwenda wapi, kijana?" akauliza.

Nikamweleza ukweli wote, maana uongo ungehitaji pumzi, na pumzi sikuwa nayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatafuna, akameza.

"Na siku mkikosana na mwanangu, utatoka mlangoni ungoje kuitwa? Asipokuita?"

Rehema akaushusha mtandio. Naye alitaka kujua.

"Nitarudi mwenyewe, Baba," nikasema. "Kama nilivyorudi sasa hivi."

Machozi yakanishuka mpaka kidevuni. Machozi yalikuwa ya pilipili, jibu lilikuwa langu, na mzee akavipokea vyote pamoja bila kuvitenganisha. Akanisogezea kibakuli cha figili, akaniambia niwalete wazee wangu Jumapili.

Jumapili wazee wangu walikuja wamejipanga kubishania mahari, mmoja wao kazi yake ilikuwa kuchukua kofia na kusimama kama anayeondoka. Nilimvuta kanzu akakaa. Tukatajiwa kiasi, nikasema tumekubali kabla chai haijapoa, na hawajanisamehe mpaka leo.

Sokoni bado naondoka, na bado naitwa. Lakini mahali ninapotaka kubaki sithubutu tena: nyumbani tukibishana na Rehema siendi hata jikoni, nakaa papo hapo nimeshikilia kiti kwa mikono miwili, mpaka yaishe.