Mtu wa Karatasi Aitwaye Sijalala

Shemeji yangu Cornel ni fundi seremala hapa Mshangano. Anatengeneza vitanda na milango, na jeneza ikibidi. Maneno yake ni machache mno. Mteja akimuuliza kitanda kitakuwa tayari lini, anainua vidole: vitatu, vinne. Mimi nimeolewa na mdogo wake, Aidani, ambaye wiki nzima yuko njiani na lori, kwa hiyo naishi nyumba moja na shemeji na mama yao, Mama Walburga. Mwaka wa kwanza nilidhani shemeji hanipendi, mpaka nikagundua kwamba hata mbwa wake humwita kwa mluzi.

Ila Jumapili baada ya misa ya pili, mtu huyuhuyu husema mpaka sauti inamkauka.

Huvuta meza ya sebuleni katikati, hufunga mapazia mchana kweupe, kisha hutoa karatasi, penseli na dadu mbili alizozichonga mwenyewe kwa vipande vya mninga. Huo ni mchezo. Hauna ubao wala kete. Kila mchezaji anatunga mtu wake, anaandikwa kwenye karatasi, halafu Cornel anasimulia mahali wale watu wa karatasi wanapoingia. Ni kijiji ambacho ukungu hushuka kutoka mlimani na kuchukua watu, na chini ya kijiji kuna mashimo. Wewe unasema mtu wako anafanya nini, dadu zinasema kama ataweza. Akisema, "Kuna kitu kinakwaruza ukuta kwa nje," naapa unakisikia. Mimi huwa nakaa pembeni nikinyonyesha, na mara mbili nimejikuta nimemfunika mtoto uso kwa kitenge ili ukungu usimwone.

Wachezaji ni wawili. Beata, jirani yetu fundi cherehani, na Fidelisi wa bodaboda, mtoto wa mama mdogo wa Cornel. Mimi ndiye mwandishi wao, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Mchezo wenyewe Cornel aliuona kwenye simu, watu wa nchi za mbali wakiucheza, siku zile alizokuwa amelala na mbavu zimefungwa bandeji. Miaka sita iliyopita alikuwa kwenye machimbo ya Tunduru. Shimo liliwafukia watatu, siku mbili nzima. Yeye na Pankrasi walitolewa hai. Saimon alitolewa amekufa. Hayo tuliambiwa na watu wengine. Cornel hajawahi kuyasimulia, na mama yake hajawahi kumuuliza.

Sasa, kosa lilikuwa la Fidelisi, ingawa kusema kweli lingeweza kuwa la yeyote kati yetu.

Kwetu jina haliokotwi barabarani. Mtoto anapewa la babu, la bibi au la mjomba. Mwanangu ana jina la baba mkwe, marehemu Leo, ndiyo maana Mama Walburga humwita "mume wangu" na humgombeza kwa makosa ya marehemu. Basi Fidelisi alipoambiwa atunge mtu na ampe jina, akafanya kama angefanya kwa mtoto. Alimpa jina la mjomba wao, Raphael, kaka yake Mama Walburga, mkulima wa tumbaku kule Namtumbo. Alidhani anamheshimu. Jumapili ile ile ukungu ukamvuta yule Raphael wa karatasi kwa miguu mpaka shimoni, dadu zikakataa, na Cornel akachora msalaba juu ya jina lake.

Jumatano, mjomba Raphael wa kweli akateleza shambani akavunjika mguu.

Ijumaa Mama Walburga alikuwa akifagia sebule, akaiona karatasi. Jina la kaka yake, kazi yake, anachokiogopa, na msalaba. Mwandiko ni wangu. Hakunigombeza. Aliikunja mara nne, akaiweka kifuani, na siku mbili hakula chakula nilichopika.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wachezaji wameshakaa, Mama Walburga akatokea chumbani na kiberiti mkononi.

"Shikamoo, mama mkubwa," Fidelisi alisema.

"Marahaba, muuaji."

"Mama mkubwa jamani! Si utelezi tu? Namtumbo imenyesha wiki nzima."

"Utelezi umesoma karatasi yako?"

"Mjomba mwenyewe nilimpigia simu nikamwambia, akacheka. Akaniuliza kama huko shimoni alipigana au alikimbia."

"Ukamjibuje?" Beata aliuliza.

"Nikamwambia alipigana."

"Alikimbia, muongo wewe. Alitaka kupita dirishani, tumbo likakwama."

Mama Walburga hakucheka. Alikusanya karatasi zote mezani, zaidi ya ishirini, watu wa miezi minane: mwalimu anayeogopa vioo, muuza dagaa anayetembea na jino la mumewe mfukoni. Mimi niliwaandika wote na nawafahamu kuliko majirani wengine. "Leo nachoma," alisema. "Ndani ya nyumba yangu mtu haandikwi na kuuawa. Neno likitoka haliulizi njia. Linafika."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameinua mkono kidogo kutoka mezani, vidole vimenyooka kama anavyowafanyia wateja, na nikaona wazi kinachokuja. Zile karatasi zikiungua, vidole ndivyo vitakavyobaki. Hatutamsikia tena.

Kisha akaushusha mkono. "Mama," alisema, "kaa. Tunga wako mmoja. Ukiona ni uchawi, mimi mwenyewe nitaziwasha."

Mama Walburga alimtazama muda mrefu. Nadhani hakumbuki lini mara ya mwisho mtoto huyu alimwomba kitu. Akavuta kiti. Kiberiti akakiweka juu ya karatasi, kama mtu anayeacha mbwa alinde mzigo.

"Andika, mama Leo," Cornel aliniambia. Nikamhamishia mtoto mgongoni, nikachukua penseli.

Maswali yake ni saba, hayabadiliki. La jina huwa la kwanza, lakini siku ile aliliruka.

"Mtu wako anafanya kazi gani?"

"Kazi? Si mkulima tu." Alisita. "Hapana. Anashika kamba."

"Kamba gani?"

"Ya shimo. Watu wakishuka, yeye yuko juu, ameshika."

Fidelisi alifungua mdomo, Beata akamkanyaga mguu chini ya meza. Niliona.

"Mfukoni ana nini?" Cornel aliuliza. Sauti yake ilikuwa ile ya mchezo, ya taratibu, lakini macho hayakuinuka.

"Simu. Imejaa chaji. Anaichomoa, anaichomeka tena."

"Nguvu yake iko wapi?"

"Hana nguvu. Ana kukaa. Anaweza kukaa."

"Nyumbani kamwacha nani?"

"Nyumbani ndiko aliko. Waliondoka wengine."

Niliandika pole pole, kwa sababu kitu kilikuwa kinatokea ambacho sijui nikieleze vipi. Nimezaa mara moja. Najua ile dakika ambapo chumba kina watu watatu, halafu kuna sauti, halafu wako wanne na hakuna aliyeingia kwa mlango. Ilikuwa vile. Yule mwanamke wa kamba alikuwa amekaa nasi. Ningeweza kukuambia amevaa kitenge gani. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mimi nikaogopa kumaliza mstari.

"Anaogopa nini?"

Mama Walburga alinyoosha mkono, akaukunja ngumi polepole hewani. "Kwamba atavuta, na kamba itakuja nyepesi."

Beata alijipiga ishara ya msalaba. Cornel alisogeza dadu mbele ya mama yake. "Rusha. Tuone ana moyo kiasi gani." Moyo ndio unaopungua mtu wa karatasi akiona mambo ya kutisha, na ukiisha, ameisha.

Akarusha. Moja, na mbili.

"Tatu," Fidelisi alisema kwa huruma. "Mdogo huo, mama mkubwa. Rudia, hatuhesabu."

"Uache. Ndivyo ulivyokuwa."

Likabaki swali ambalo wachezaji wote hulikwepa kwa mzaha. Fidelisi hujibu kwamba mtu wake ameiba kuku. "Ana siri gani?" Cornel aliuliza.

Mama Walburga aliinamia meza. Kisha aliongea akiiangalia karatasi yangu, siyo mwanawe.

"Walimpigia simu wakasema shimo limefukia watatu, hawajui nani mzima. Akakaa. Siku ya pili, ile Ijumaa, kengele ya saa sita ikalia. Watu wakasimama kusali Malaika wa Bwana. Na yeye akasimama. Lakini hakusali hiyo. Alisema, Mungu, kama lazima mmoja abaki huko chini, abaki wa mwenzangu." Alinyoosha kidole kwenye karatasi. "Na akabaki wa mwenzake. Andika, mama Leo. Mbona huandiki?"

Sikuweza kuandika. Nilielewa kwa nini hakwenda Tunduru kwenye msiba wa Saimon, akasema miguu inamuuma. Nilielewa na kiberiti. Kumbe hakuogopa mchezo wetu. Miaka sita alikuwa anaamini kwamba neno lake mwenyewe lilitoka, likasafiri mpaka Tunduru, likaua mtoto wa mtu.

"Mama," Cornel alisema. "Saimon alikufa Alhamisi."

Mama Walburga aligeuka kumtazama.

"Alhamisi jioni. Pankrasi alikuwa na simu, haikushika mtandao, lakini saa ilikuwa inaonekana. Saa moja na dakika arobaini. Nilikuwa nimemshika kichwa. Ijumaa kengele inalia hapa, sisi tulikuwa tumeshamfunika shati langu."

"Alhamisi?"

"Alhamisi, Mama."

"Walisema mmetolewa Jumamosi alfajiri, yeye amekufa. Hawakusema lini."

"Hukuniuliza. Nami nilidhani hutaki kusikia."

Mama Walburga alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa inacheza; nadhani alikuwa anahesabu. Alhamisi, Ijumaa. Ijumaa, Alhamisi. Hakulia. Alitoa pumzi moja ndefu, ndefu, nikashangaa mtu mmoja aliwezaje kukaa nayo miaka yote hiyo.

Na Cornel, kwa vile mlango ulishafunguka, akaendelea. Hakuwa anatumia sauti ya mchezo. Ilikuwa sauti yake, ambayo mimi sikuwahi kuisikia, nyembamba kidogo, yenye mikwaruzo.

"Maswali haya ni ya Saimon. Tulipofukiwa alisema, tuko watatu na giza hili ni kubwa, tuongeze watu. Akaanza kutuuliza. Mtu wako anafanya kazi gani? Mfukoni ana nini? Mpaka mchana ule tulikuwa kama kumi na wawili mle ndani. Kulikuwa na mpishi, kulikuwa na bibi mmoja aliyetungwa na Pankrasi, mkali kweli. Saimon alipoondoka, wale watu aliowatunga hawakuondoka. Walibaki na sisi mpaka tunasikia sururu."

Mwanangu alikoroma mgongoni. Nilizitazama zile karatasi ishirini na kitu chini ya kiberiti na nikaona aibu, kwamba miezi minane nilidhani naandika mchezo. Mimi, ambaye maandishi yangu makubwa ni orodha ya sokoni, nimekuwa nikiwaandika watu wanaokaa na mtu gizani.

Mwishowe Mama Walburga alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Hujaniuliza jina," alisema.

"Jina lake nani?"

"Hapewi la mtu anayekula ugali, wala la mtu aliyeko makaburini. Hiyo ni sheria, kuanzia leo, umesikia wewe wa bodaboda?"

"Nimesikia, mama mkubwa."

"Zamani mtoto aliweza kuitwa kwa jambo lililokuwepo siku hiyo. Njaa, vita, mvua. Basi mwite Sijalala." Kisha, kama anamweleza mtu asiyejua, "Siku zote mbili, Cornel. Hata dakika."

Niliandika. Ile S imekaa kama ndoano. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, imebandikwa ukutani karibu na kalenda ya parokia.

Alichukua kiberiti, nikashtuka. Akanirushia mapajani. "Washa jiko, tunywe chai. Na mume wangu mlaze kitandani, utamvunja shingo."

Tulipomaliza chai Fidelisi akatunga mtu mpya, na jina akampa Utelezi, kwa heshima ya mguu wa mjomba. Mama Walburga akauliza Sijalala wake ataingia kijijini lini.

"Haingii," Cornel alisema. "Yeye yuko juu."

"Basi waambie wanaoshuka washuke."

Cornel akafunga mapazia. Ukungu ukateremka, Utelezi na mtu wa Beata wakaingia shimoni, na mama mkwe wangu akavua kitenge cha mabegani, akazungusha ncha yake kwenye ngumi, akakaa nayo hivyo. Kitu kilipomkamata Utelezi kisigino, dadu zikakataa, zikakataa tena, Fidelisi akapiga kelele za kweli, kijana mzima mwenye ndevu:

"Mama mkubwa, vuta!"

Akavuta. Alivuta kwa mikono miwili, ameuma meno, mishipa ya shingo imesimama. Cornel hakurusha dadu. Alikuwa anamtazama mama yake tu.

"Ni nzito?" alimuuliza.

"Nzito," Mama Walburga alisema. "Nzito kweli."