Mama Mkwe Alipotaka Kuona Viboko

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akasoma mbele akadhani nilikuwa shujaa. Naogopa maji, naogopa urefu, naogopa ng'ombe wa pembe ndefu wa ndugu zetu waliohamia kutoka kaskazini, na kuliko vyote naogopa wakwe.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina studio ndogo Mpanda, si mbali na stesheni ya reli, na ukutani nimetundika mapazia makubwa yenye vivutio vya dunia: mnara wa Paris, piramidi za Misri, ukuta wa China, lile kaburi jeupe la India ambalo wateja wengi wanadhani ni msikiti, na maporomoko ya maji ambayo hata mimi sijui ni ya wapi. Watu wanaupenda mnara. Mfugaji akija mjini kuuza ng'ombe, anasimama chini ya mnara wa Paris na fimbo yake begani na makobazi ya matairi miguuni, anakaza uso kama mtu aliyekabidhiwa kuulinda. Maharusi wanataka kaburi la India. Siwaambii kama ni kaburi.

Mimi mwenyewe nikibaki peke yangu, nikiuangalia ule mnara, nashika meza. Nawaza waliopanda mpaka juu kabisa, wakachungulia. Miaka yote hii ya kuishi na mapazia yangu imenifundisha jambo moja: karibu kila kivutio cha dunia ni mahali pazuri pa mtu kufia. Ama utaanguka, ama utazama, ama utapotelea mchangani. Halafu watu wanapanda ndege kwenda huko na familia zao, wanacheka.

Mama mkwe wangu anakaa Kasokola, analima mahindi na karanga. Siku moja alikuja mjini kutibiwa macho, akapitia studio kumsubiri binti yake, yaani mke wangu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mgongo akinipa mimi. Hakunisalimu wala sikumsalimu, na wala hatukuwa na ugomvi. Kwa watu wetu, mwanaume na mama wa mke wake hawasogeleani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha na mwingine anajifunika. Ukiwa na neno unampa mke wako, naye analifikisha, hata kama mkwe yupo palepale na masikio yake mazima. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia wakwe zao harusini mbele ya kamera, nami nawapiga picha huku jasho linanitoka. Mimi na wangu tulikuwa wa zamani.

Mke wangu alipofika, mama yake alikuwa bado anakagua mapazia.

"Hebu muulize mwenzako," akamwambia, "hao wenye huo mnara, wana viboko?"

Mke wangu akanigeukia. "Mama anauliza kama wana viboko."

"Mwambie hawana."

"Anasema hawana, mama."

"Sasa mbona amewatundika wao? Wazungu wanapita hapahapa Mpanda na magari yao kwenda kutazama viboko wetu. Mimi nimezaliwa huku, nimezeeka huku, kiboko namsikia kwenye redio. Na mimi nataka picha. Tena na viboko wenyewe, sio wa pazia."

Aliongea kama mtu aliyekwisha kuamua na siku ya kwenda. Ombi la mkwe halikataliwi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Tulikwenda kiangazi kilipokolea. Wakati huo mto Katuma unakatika vipande, unabaki madimbwi ya matope, na viboko waliotawanyika kipindi cha mvua wanajazana humo mpaka wanapandiana. Nilikodi gari aina ya Noah na dereva wake. Mke wangu na mama yake walikaa nyuma, mimi mbele, na katikati mke wangu alitundika kitenge kutoka dirisha hadi dirisha, ili mimi na mkwe tusionane hata kwenye kioo. Dereva alicheka mpaka akapaliwa.

"Bosi, leo tumebeba watalii au wagonjwa?"

Nilikuwa nasikiliza vita vya nyuma ya kitenge. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni jipya la bluu kwa ajili ya picha, na ndorobo, wale inzi wa porini wanaochoma hata juu ya nguo, hakuna rangi wanayoipenda kama hiyo. Dereva alikuwa na kopo lenye kinyesi cha tembo kilichokauka, cha kuwafukuzia. Akakiwasha, moshi ukajaa ndani, sote tukalia machozi. Nilimsikia mkwe akijichapa mikono na miguu, chapa, chapa, bila kulalamika hata mara moja. Mimi nilishaumwa mara mbili na nilikuwa tayari kurudi nyumbani.

Mpango ulikuwa tuanzie mtoni, pale Sitalike kabla ya kuingia hifadhi ya wanyama, mahali ambapo wapita njia husimama kutazama, kisha tuendelee getini. Getini hatukufika.

Harufu ilitutangulia: matope, samaki waliooza na zizi lisilofagiliwa. Kisha tukawaona. Migongo kwa migongo, myeusi, inang'aa, mingine imepasuka na kuvuja damu kwa kupigana. Mara mmoja anafungua kinywa, na mwingine anakoroma, na mkoromo ule unapita ardhini unakuingia kwa nyayo. Nilirudi nyuma hatua mbili. Mama mkwe, yeye, alipiga makofi kama mtoto.

"Kumbe ni wengi hivi! Mwanangu, kumbe ni wengi hivi!"

Nikamwambia mke wangu amwambie mama asimame karibu na kichaka, dimbwi liwe upande wa kushoto. Mke wangu akamwambia. Nikasema asogee kidogo, mke wangu akasema asogee kidogo, akasogea. Hapo mkwe akakumbuka kuwa kanga yake nzuri ameiacha kwenye gari, na aliyokuwa nayo mabegani ilikuwa na masizi ya lile kopo. Mke wangu akaenda kuifuata. Gari lilikuwa juu, kwenye barabara, dereva ndani yake amelala na kofia usoni.

Tukabaki wawili, mimi na mkwe. Nikainamisha uso kwenye kamera nijifanye nina shughuli.

Ndani ya kamera nikaona kichaka kinatikisika.

Nilidhani ni upepo, ila hapakuwa na upepo. Majani yakafunguka, kikatoka kichwa. Kiboko alikuwa nchi kavu, nyuma ya mama mkwe upande wa kulia, anarudi majini. Nikatazama chini na kuona kitu ambacho sikukiona mwanzo: pale aliposimama mkwe, ardhi ilikuwa imechimbika mfereji laini, uliosuguliwa kwa kupitwa kila siku. Alikuwa amesimama kwenye njia ya viboko. Kiboko akasimama. Masikio yake madogo yakazunguka. Kila mtu wa huku anajua kwamba kiboko aliye nchi kavu akikukuta kati yake na maji, hana cha kujadiliana na wewe.

Nikafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Sikuwa nimewahi kumsemesha mama yule neno lolote tangu nimuoe binti yake, na jina la kumwitia sikuwa nalo. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa mbali, anapanda kuelekea garini. Mwisho nikapiga kelele kwa hewa, kama tunavyofanya tukibanwa na hakuna wa kumtuma.

"Aliyesimama pale aondoke! Aondoke!"

Na mama wa watu akafanya kile ambacho mkwe yeyote mwenye heshima angefanya akisikia mkwewe amepaza sauti bila mtu katikati. Alishtuka, akavuta kanga yake ya masizi akajifunika kichwa na uso wote, akanipa mgongo, akachuchumaa. Akachuchumaa palepale mferejini, haoni kitu, ameelekea kwa kiboko, anasubiri nipite.

Kiboko akaanza kuja.

Sijui nani aliamua. Si mimi, mimi najijua. Miguu ilitoka, kamera ikaanguka, nikamkumba mama mkwe kiunoni kwa mikono yote miwili, tukabingirika kwenye majani makavu. Alipiga yowe moja. Ardhi ikatetemeka. Kitu kikubwa kikapita, kinapumua, karibu kiasi kwamba tope lake liliturukia, halafu maji yakalipuka na dimbwi zima likaanza kukoroma.

Nilikuwa nimelala chali, mkono wangu mmoja uko chini ya mgongo wa mama wa mke wangu. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimetoka, nywele zake nyeupe ziko nje, gauni limepanda magotini. Hapo ndipo hofu yenyewe iliponishika. Kiboko alikuwa ameshaenda zake, lakini hili lingeenda wapi? Nilitoa mkono polepole, nikatambaa kinyumenyume, nikasimama na kugeukia barabara. Mke wangu alikuja mbio analia, akamfunika mama yake kanga safi. Dereva alikuwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na utani.

Kurudi Mpanda, nyuma ya kitenge hapakuwa na sauti. Hata alipoumwa na ndorobo hakujichapa. Nilitega sikio kusikia kama anapumua. Niliogopa moyo wake utasimama kwa mshtuko, au kwa aibu, na kwamba nitakuwa nimemwokoa kwa kiboko nikamuua kwa mikono yangu.

Tangu siku ile Kasokola ikanyamaza. Zamani zilikuja karanga, zilikuja salamu. Sasa hakuna. Wazee wa upande wao waliniambia nipeleke kuku mweupe ili jambo liishe. Nikapeleka, akapokelewa, salamu haikurudi. Nilikonda. Studio nilianza kuwahimiza wateja wasogee mbele, wayaache mbali yale maporomoko ya kwenye pazia. Walinishangaa. Usiombe kuishi na hofu ya mtu ambaye hajakukasirikia wala hajakusamehe.

Mvua zilipoanza, mama mkwe akaugua. Mke wangu akahamia kwao kumuuguza, nami nikawa naenda kila nilipoweza, nakaa barazani, nasikiliza kikohozi chake kupitia ukuta. Ndani siingii. Siku moja mke wangu alikuwa ametoka kufuata dawa. Kikohozi kikaja kirefu, kikakatika vibaya, kisha nikasikia sauti.

"Wewe. Uko hapo?"

Niligeuka kutafuta wa kumpa jibu langu alipeleke. Hapakuwa na mtu.

"Nipo, mama."

"Njoo uniinue. Nikilala hivi pumzi haiji."

Sikuondoka kwenye kiti.

"Unangoja nini?" akasema. "Wewe si ulishanishika?"

Nikaingia. Nikapitisha mkono chini ya mgongo wake, nikajiandaa kumnyanyua mtu mzima, naye akaja juu bila uzito wowote. Nikabaki nimemshikilia hivyo, naogopa kumwachia.