Kibuyu Chenye Mishono Saba

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ningepewa nafasi ya kuirudia ningeamka mapema nikaenda shambani na mama. Lakini nilijifanya naumwa tumbo. Nilikuwa nimeshachumbiwa, na uvivu ulikuwa umenijia pamoja na mchumba.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika mpaka huku kwetu Ikungi, na wachuuzi walipita na baiskeli zilizosheheni ndoo na majagi ya plastiki. Aliyekuja asubuhi ile hakutaka hela, alitaka vitu vya kizamani. Nikaingia ndani, nikakitungua kibuyu cha maziwa kilichoning'inia juu ya kitanda cha mama. Kilikuwa cheusi kwa moshi, kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi wa ngozi, mishono saba. Mchuuzi akanipa jagi jekundu lenye mfuniko. Usinicheke, nilijiona nimempiga bao kweli.

Mama alirudi mchana. Akaliona jagi, akainua macho ukutani, akakaa chini na jembe lake mkononi.

"Kiko wapi?"

Nikamweleza, tena kwa kujisifu.

"Bibi yako alininywesha humo siku natoka nyumbani," alisema. "Na yeye alinyweshwa humohumo. Nilikuwa nakutunzia wewe."

Katika ukoo wetu msichana hakwenda kwa mume kabla mama yake hajamnywesha maziwa. Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yake. Nami nilikuwa binti pekee. Nilijua kuna kunyweshwa, sikuwahi kuuliza ni kwa chombo gani. Nilikimbia hadi barabara kuu, lakini mchuuzi alikuwa amekwenda zake tangu asubuhi.

Siku ya harusi shangazi alileta maziwa ndani ya jagi lile jekundu, maana ndilo lililokuwepo. Mama alikataa kulishika. Akakinga viganja, akamwambia shangazi amimine, nami nikainama nikanywa mikononi mwake, mikono yenye sugu za jembe. Mengi yalivuja. Mama aliyatazama yakipotelea kwenye udongo, akalia, nami nikalia, na wageni wakadhani ni machozi ya kawaida ya harusi. Hakunigombeza hata siku moja, mpaka alipofariki. Afadhali angenigombeza.

Juzijuzi mjukuu wangu alinipeleka makumbusho, Singida mjini. Nilipita vigoda, mikuki, ngoma, vyungu, nikisifia tu. Mwisho wa kabati nikaona kibuyu cheusi, na mjukuu akanisomea karatasi yake: "Kibuyu cha maziwa. Mmiliki hajulikani." Nikahesabu mishono. Ilikuwa saba. Nikaweka kiganja kwenye kioo.

"Shikamoo bibi. Tafadhali usiguse kioo," binti anayetunza vitu aliniambia kwa upole.

"Marahaba. Huyo asiyejulikana ni mama yangu. Anaitwa Paulina."

Akaniuliza kilitokaje nyumbani.

"Nilikitoa mimi," nikasema.

Akaandika jina la mama, akalibandika. Nikamwomba anifungulie nikinuse tu, naye akafungua. Moshi wa jikoni kwetu haukuwemo tena. Kilinuka dawa ya wadudu.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: kabla hujatoa kitu ndani ya nyumba, muulize mwenyewe kina kazi gani na nani alikishika kabla yake. Muulize angali hai, tena kaa chini umsikilize, usiulize umesimama mlangoni. Vya dukani nunua, sikukatazi. Hata mimi maji nachotea ndoo ya plastiki. Ila usikitoe usichokijua.

Kesho nawe unatoka nyumbani kwenda kwa mume, na kibuyu sina cha kukunyweshea. Basi sogea, inama, unywe humu mikononi mwangu. Mungu akupe nyumba isiyokauka maziwa, na watoto wenye kuuliza. Kunywa, mama, kunywa upesi. Yanavuja.