Vitabu vya Hanuna Vimechanika, vya Mnana Havijachanika

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumapili, Mnana Bittan amekaa kwenye ngazi ya sinagogi mtaani Hara Kebira, kisiwani Jerba, miwani puani na magunia manne ya vitabu vilivyochakaa mbele yake. Anatoa kitabu kimoja kimoja, anakifungua, anatafuta Jina la Mungu. Chenye Jina hakitupwi: kinaingia kwenye gunia jeupe, kikazikwe makaburini mchana. Kisicho nalo ni takataka.

Kila mwaka kazi hii hufanywa na wanawake wanne. Safari hii Mnana, mwenye umri wa miaka 61, ameomba aifanye na wifi yake tu, Ghzala. Anasema ni kwa sababu macho yake bado mazima. Sababu yenyewe mtaa mzima unaijua.

"Sema kweli, wifi," Ghzala anamchokoza. "Umekuja kutafuta vitabu vya Hanuna humu."

"Nimekuja kufanya kazi ya Mungu."

"Haya. Mbona vya wengine unavipitisha mbiombio?"

Kwa miaka 24 Mnana amewafundisha kusoma wasichana wa darasa la kwanza, kwa kitabu alichokitunga mwenyewe: herufi, baraka za chakula, mistari ya Torati. Kinachapwa kwenye matbaa ndogo ya mumewe, naye anakunja karatasi kwa mkono na kuzishona kwa uzi uliopakwa nta. Shule inamlipa dinari 640 kwa mwezi, na kila kitabu kinamwachia dinari mbili.

"Hakuna mzazi aliyewahi kuniletea kitabu kilichofunguka mgongo," anasema, na anataka iandikwe.

Miaka miwili iliyopita mwanafunzi wake wa zamani, Hanuna Trabelsi, ambaye sasa ana miaka 31 na ni mwalimu wa darasa la pili, alitoa kitabu chake. Baraka ni zilezile, mistari ileile, lakini mna picha za rangi, na mna mbuzi anayeiba mikate ya Pasaka. Wazazi walikigombania. Alhamisi hii kamati ya shule inaamua kitabu cha darasa la kwanza kiwe kipi, na kitachaguliwa kimoja tu.

Mnana hafichi kijicho chake. "Roho inaniuma. Nani alimfundisha yule kushika penseli, kama si mimi? Nikisikia watoto wanamtaja mbuzi wake, naziba masikio."

Kwenye gunia la tatu anapata alichokifuata. Ni vitabu vya Hanuna, thelathini na kitu, migongo imepasuka, kurasa zinaning'inia. Mnana anapiga makofi.

"Umeona? Miaka miwili, Ghzala! Miwili tu! Gundi tupu, hata uzi hakuna. Nachukua vitano, naviweka mezani mbele ya kamati, halafu wanieleze."

"Na vyako?"

"Vyangu havichaniki."

"Viwili hivi hapa. Vya wale waliohamia Tunis."

Mnana anavipokea kwa majivuno, anavifungua. Ukurasa wa kwanza una doa la asali, maana siku ya kwanza ya masomo herufi hupakwa asali mtoto airambe, elimu imwingie tamu. Kuanzia ukurasa wa kumi hadi mwisho karatasi ni safi kabisa. Anafungua cha pili. Nacho ni hivyo hivyo.

Anachukua cha Hanuna. Asali ipo ukurasa wa kwanza. Kisha mafuta ya zeituni, harisa ya pilipili, chai, alama za vidole, na katikati, ganda la mlozi. Ukurasa wa mbuzi umeshikwashikwa mpaka wino umefifia. Anafungua kingine, na kingine, kwa pupa, akitafuta hata kimoja kisafi. Hakipati.

"Vyako vimetunzwa, wifi," anasema Ghzala, kwa sauti ya chini.

"Havikutunzwa. Havikusomwa."

Anavua miwani, anajifuta macho kwa pindo la kitambaa. Kisha anavitia vyote kwenye gunia jeupe, pamoja na vile vitano alivyovitenga.

"Huvipeleki tena kwa kamati?"

"Nikajishitaki mwenyewe?"

Mchana, makaburini, udongo ukiwa bado unarudishwa shimoni, Hanuna anamsogelea. "Mwalimu wangu, pole na kazi."

"Gundi yako inatia aibu," Mnana anamwambia. "Alhamisi nitawaambia wachukue kitabu chako. Lakini nitakishona mimi."

Hanuna anamshika mkono. "Kwa mapenzi hayo, Mwalimu?"

"Mapenzi gani? Kwa wivu! Sitaki watu waseme wanafunzi wangu hawajui kazi."

Jioni, matbaani, anaonyesha daftari la shule lenye kurasa sita alizoziandika kwa penseli wiki ya Pasaka iliyopita, bila kumwambia mtu. Ni habari za shangazi mmoja anayepika kuskusi na kusahau kuwaita wageni. Ameshazifuta na kuziandika upya mara tatu, na anakiri kwamba bado hazichekeshi.

"Wivu ninao, na sitaki unitoke kabla sijamaliza kuandika," anasema. "Kabla sijafa nataka niletewe kitabu changu kimoja kimechanika hadi uzi, kinanuka harisa. Nitakizika kwa mikono yangu, na Hanuna nitamwita aje aone."